Matone yananituliza macho ila uzi kwenye sindano siuoni tena

Dokta shikamoo,

Nasoma majibu yako siku nyingi ila kuandika sijawahi, leo imebidi maana nyumbani kila mtu ananiambia lake na mimi nabaki katikati.

Mimi ni fundi cherehani, nina watoto wawili. Macho yangu yana aleji tangu niko binti, yakianza kuwasha ni kuwasha kweli kweli, nasugua mpaka kope zinavimba na mtu akinikuta anauliza nimelia nini. Miaka kama mitatu nyuma dokta wa macho aliniandikia matone, akasema weka wiki mbili tu afu urudi nikuangalie. Dokta yale matone yalifanya kazi jamani! Siku ya pili macho meupe peee. Sasa nirudi kufanya nini na mimi nimeshapona, sikurudi. Kichupa kilipoisha muwasho ukarudi, nikachukua kile kitupu nikaenda nacho duka la dawa nikaonyesha, nikapewa kingine, na ndo imekuwa hivyo mpaka leo. Sio kila siku lakini wiki haipiti sijaweka, na msimu wa vumbi naweka asubuhi na jioni bila kukosa.

Sasa tatizo. Kutunga uzi kwenye sindano imekuwa kazi. Nilidhani ni umri, nimeingia arobaini na kitu, nikaenda kupima miwani wakanibadilishia, haikusaidia kitu. Na cha ajabu ni kwamba nikiwasha ile taa ya cherehani ndo naona vibaya zaidi, nikiizima nikakaa na mwanga hafifu naona afadhali. Jua la mchana likinipiga naona weupe weupe tu. Macho hayaumi hata kidogo.

Wifi yangu anasema hizo dawa zina steroidi na steroidi inakula jicho. Mume wangu anasema ni maneno ya watu, kitone kimoja kitafanya nini, ingekuwa namezea vidonge sawa. Rafiki yangu yeye ananiambia niache hayo nihamie matone ya diklofenaki, eti hayana steroidi so hayana shida. Nimesoma kichupa kimeandikwa deksamethasoni na neomaisini. Mimi siku zote nilijua ni antibiotiki.

Naomba unieleze hiyo dawa inafanya nini humo ndani, inakula kweli? Niache leo leo? Na mwanangu wa kiume wa miaka saba naye macho yanamuwasha, huwa namdondoshea mara moja moja kwenye kichupa hicho hicho, hiyo ina neno?

Ah na nilitaka kusahau, mama yangu mzazi jicho moja halioni, waliambiwa ni presha ya macho. Sijui kama inahusiana.

Mama T.

---

Marahaba Mama T.

Nianze na hilo ulilotaka kulisahau maana kwangu mimi ndo sentensi nzito kuliko zote kwenye barua yako. Ndiyo, inahusiana, tena sana. Mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja ana glaukoma, yaani hiyo presha ya macho, jicho lake lina uwezekano mkubwa zaidi wa kupandisha presha likikutana na steroidi. Kwahiyo kabla hujamaliza kusoma hapa panga siku ya kwenda kwa dokta wa macho ndani ya wiki hii. Namaanisha dokta wa macho, duka la miwani halitoshi. Na ukienda mtaje mama na uende na hicho kichupa mkononi.

Sasa tuje kwenye mabishano ya hapo nyumbani. Mume wako ana nusu ya haki. Kitone kimoja kina ujazo wa mikrolita 30 hadi 50 hivi, na machozi yaliyotulia juu ya jicho kwa kawaida ni kama 7 tu, kwahiyo sehemu kubwa ya dawa inamwagika shavuni au inashuka kwenye kijia cha machozi kwenda puani na kooni, ndo maana wakati mwingine unasikia uchungu kooni. Inayopenya mpaka ndani ya jicho ni asilimia chache mno. Alipokosea ni kudhani uchache ndo udhaifu. Deksamethasoni, ambayo ndo steroidi ya kwenye kichupa chako (neomaisini ndo antibiotiki), ukiilinganisha na kotisoli, ile homoni ambayo mwili unaitengeneza wenyewe, ina nguvu takriban mara 25 katika kutuliza uvimbe, na haifanyi kazi kwa kulowesha jicho, inafanya kazi kwa kuingia ndani ya seli na kutoa amri. Amri haihitaji dawa nyingi.

Amri zenyewe zinatolewaje? Ndani ya seli kuna protini inayoipokea steroidi, zikishashikana zinaingia pamoja mpaka kwenye kiini cha seli palipo na jeni, na huko jeni nyingine zinawashwa na nyingine zinazimwa. Zile za kuchochea uvimbe zinazimwa, kemikali za kuita damu na askari wa mwili zinapungua, na ndo maana siku ya pili tu macho yako yakawa meupe. Hiyo faida ni ya kweli kabisa na sitaki uichukie hii dawa, kuna watu wenye uvimbe ndani ya jicho au wametoka kufanyiwa upasuaji ambao bila steroidi wangepoteza macho. Watu waliofungua mlango wa dawa hizi, akina Hench, Kendall na Reichstein, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1950. Sema tu hizo amri haziishii kwenye uvimbe. Seli nyingi za jicho zina protini hiyo ya kupokea steroidi, na kila seli ikiipata inabadilisha namna inavyotumia chakula chake, inachotengeneza na inachoacha kusafisha. Umetaboli mzima wa seli unageuka. Wewe kwa nje unaona weupe tu.

Sehemu mbili ndo zinaumia zaidi.

Ya kwanza ni njia ya kutokea maji. Sehemu ya mbele ya jicho imejaa maji maangavu, haya sio machozi, yanatengenezwa humo humo ndani usiku na mchana, mikrolita 2 hadi 3 kwa dakika, na kazi yake kubwa ni kulisha sehemu za jicho zisizo na mishipa ya damu, yanapeleka glukosi na oksijeni yanaondoa uchafu. Ndani ya saa moja na nusu hadi mbili maji yote yanakuwa yameshabadilishwa. Yanatokea kwenye kona, pale konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inapokutana na ile sehemu ya rangi ya jicho, na pale kuna wavu mwembamba wa seli. Chukua karo lenye bomba lililofunguliwa daima, usalama wake wote uko kwenye tundu la kutolea maji. Sasa steroidi inazifanya seli za ule wavu zitengeneze nyuzi nyingi za protini kama kolajeni na faibronektini kuliko zinavyoweza kuziondoa, zinakakamaa, na ile kazi yao ya kumeza takataka zinazopita inapungua. Zinazidiwa hata na protini zinazozitengeneza zenyewe. Bomba halijafungwa ila tundu linaziba taratibu, presha inapanda.

Na presha ikipanda haiumi! Hapo ndo watu wanapopotea, maana wanasubiri maumivu. Presha ya kawaida ni milimita za zebaki 10 hadi 21, na mtu anaweza kutembea na 35 miezi na miezi akishona nguo zake vizuri tu. Kinachoumia ni mshipa wa fahamu wa jicho, una nyuzi zaidi ya milioni moja zinazotoka kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwenda kwenye ubongo, na hizo nyuzi zinakula nishati nyingi mno. Presha ikizibana pale zinapotokea nyuma ya jicho, usafirishaji wa chakula na taka ndani yake unakwama, zinaanza kufa moja moja kuanzia zile za kuona pembeni. Uzi uliokufa haufufuki. Katikati mtu anaendelea kuona, so hajui lolote mpaka siku anagonga mlango kwa bega.

Sio kila mtu presha yake inapanda. Miaka ya 1960 madaktari wa macho Armaly na Becker walijaribu kuwawekea watu matone ya steroidi kwa wiki kadhaa huku wanawapima, wakakuta karibu theluthi moja presha inapanda kiasi, na kama watu 5 katika kila 100 inapanda vibaya sana, waliobaki inasogea kidogo tu. Huwezi kujua uko kundi gani kwa kujiangalia kwenye kioo. Wenye glaukoma kwenye ukoo, wenye kisukari, wasioona vitu vya mbali bila miwani mikali, na watoto, hao ndo wanaangukia zaidi kwenye makundi mabaya. Kwa kawaida inaanza kupanda ndani ya wiki chache za kuweka kila siku, na ndo sababu dokta wako alikwambia wiki mbili afu urudi, hakuwa anakutafutia safari.

Sehemu ya pili ni lenzi, kile kioo kilicho ndani nyuma ya mboni, na hapa nadhani ndo tunakutana na sindano yako. Siwezi kukupima kupitia barua, lakini mtu anayeona vibaya zaidi mwanga ukiwa mkali, anayeshindwa vitu vya karibu, miwani mpya haisaidii, na kwenye mwanga hafifu anapata nafuu, huyo anaelezea karibu kila kitu cha aina moja ya mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi, inayokaa nyuma kabisa ya lenzi, katikati. Mwanga ukiwa mkali mboni inajibana, na ukitazama karibu inajibana pia, kwahiyo mwanga wote unalazimika kupita pale pale palipo na ukungu. Ukizima taa mboni inapanuka, mwanga unapata pa kuchepukia pembeni. Ndo maana taa yako ya cherehani imegeuka adui. Aina hii ndo mwaka 1960 madaktari waliigundua kwa wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa wanatumia steroidi muda mrefu.

Lenzi ni kitu cha ajabu kidogo, niruhusu nikae hapa. Haina mshipa hata mmoja wa damu, ingekuwa nao tusingeona. Inaishi kwa glukosi inayoletwa na yale maji niliyosema, na nishati yake nyingi inaipata kwa kuvunja hiyo glukosi bila oksijeni, nishati yenyewe ni ndogo ila inatosha kuendesha pampu za kutoa chumvi na maji yaliyozidi na kutengeneza glutathioni inayokinga protini zisiharibike. Katikati ya lenzi kuna nyuzi ambazo zimeshapoteza viini vyake, hazina jeni wala uwezo wa kutengeneza protini mpya, protini zilizomo nyingine unazo tangu uko tumboni kwa mama yako na utazikwa nazo. Kwahiyo kitu chochote kikivuruga hesabu hiyo hakuna fundi wa kuja kukarabati. Steroidi inavuruga. Kinga ya glutathioni inashuka, protini zinaanza kushikana badala ya kukaa kwa mpangilio, na seli za juu ya lenzi ambazo zingetakiwa zikue zigeuke nyuzi zinapoteza mwelekeo zinahamia nyuma na kujikusanya pale. Wanasayansi bado wanabishana ipi inatangulia. Matokeo hawabishani.

So wifi yako akisema inakula jicho, hapana, haili kama tindikali inavyokula kitu, na konea yako pengine iko safi tu. Lakini yuko karibu na ukweli kuliko mume wako, samahani shemeji.

Niache leo leo? Hapa twende taratibu. Usijipangie mwenyewe kuacha ghafla wala kuendelea kimya kimya. Steroidi iliyotumika muda mrefu ikikatwa ghafla uvimbe unaweza kurudi kwa hasira, ndo utasugua, utavimba, na ndani ya siku mbili utakuwa duka la dawa na kichupa kitupu mkononi. Nenda kwanza upimwe, dokta ndo atakuambia upunguze vipi na uweke nini mahali pake. Kichupa kipya usinunue. Ila kama wakati wowote jicho likaanza kuuma sana, ukaona duara za rangi kuzunguka taa pamoja na kichefuchefu, au kuona kukashuka kwa ghafla, hiyo ni ya kwenda siku hiyo hiyo hata kama ni usiku. Na jicho jekundu linalouma usilimiminie steroidi, kuna vidonda vya virusi vya hepesi na vya fangasi kwenye konea ambavyo steroidi inavilisha vizuri sana huku ikikuonyesha jicho linatulia.

Ukifika huko hakikisha wanapima presha ya macho yote mawili, wanakuwekea dawa ya kupanua mboni waangalie lenzi na ule mshipa wa fahamu nyuma, na wakiona sababu wakupime eneo la kuona pembeni. Mboni ikipanuliwa kushona siku hiyo sahau, na usiende peke yako. Kama presha iko juu, mara nyingi inashuka ndani ya wiki chache baada ya kuacha steroidi, japo kwa mtu aliyeitumia miaka mitatu kama wewe kuna uwezekano ikagoma ukahitaji matone ya kuishusha. Mtoto wa jicho yeye hayeyuki, hakuna tone wala kidonge cha kumtoa, anaondolewa kwa upasuaji na kuwekewa lenzi nyingine pale atakapokuwa anakuzuia kazi, na watu wanarudi kutunga uzi vizuri.

Kuhusu diklofenaki ya rafiki yako. Ni kweli haina steroidi na haipandishi presha kwa namna hii. Zote mbili zinapita njia moja ila zinakata mahali tofauti, steroidi inakata juu kabisa kabla seli haijatoa mafuta ya kutengenezea kemikali za uvimbe, diklofenaki inakata chini yake, kwenye kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, moja ya kemikali hizo. Kwa aleji inasaidia muwasho kidogo tu, na ukiweka muda mrefu bila kuangaliwa inapunguza hisia za konea na inachelewesha vidonda kupona, kuna watu konea ilimomonyoka kabisa. Kubadilisha dawa moja ya kujinunulia kwa nyingine ya kujinunulia sio ushauri, ni kuhama chumba ndani ya nyumba ile ile.

Aleji ina dawa zake. Muwasho wako unatoka kwenye histamini, kemikali ambayo mwili unaimwaga ukipata aleji, kwahiyo muulize dokta kuhusu matone kama olopatadini au ketotifeni, hayana steroidi na unaweza kukaa nayo msimu mzima. Kromoglikati nayo ipo ila ni ya subira, inatakiwa uianze kabla vumbi halijakukamata na uiweke kila siku hata kama huwashwi, watu wengi wanaitupa wiki ya kwanza wakidhani haifanyi kazi. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi juu ya kope zilizofumbwa kinasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Na kusugua acha, najua ni rahisi kusema, lakini kila ukisugua unazipasua seli zinazomwaga histamini zaidi na muwasho unaongezeka. Na ikitokea dokta akaona bado unahitaji steroidi kwa siku chache, zipo zenye hatari ndogo zaidi ya kupandisha presha, kama fluorometholoni na loteprednoli. Ndogo, sio sifuri, bado unapimwa.

Lile la kudhani ni antibiotiki silishangai, vichupa vingi vimechanganya viwili na jicho la mtu linaenda kwenye jina analolijua. Siku nyingine angalia majina yanayoishia na -sone au -olone, hizo karibu zote ni familia ya steroidi. Hata krimu ya uso yenye steroidi ukiipaka kwenye kope kila siku inafika ndani.

Sasa mtoto. Acha kumdondoshea, yeye hakuna dokta aliyemwandikia, na kwa kuwa umesema ni mara moja moja tu sina wasiwasi wa kukatisha ghafla. Watoto presha yao inaweza kupanda haraka na juu kuliko ya mtu mzima, ana damu ya bibi yake pia, na mtoto wa miaka saba hatakuambia naona ukungu, atasogea tu karibu na ubao na wewe utasema ana utundu. Kichupa cha kuchangia nacho kinabeba vijidudu kutoka jicho moja kwenda jingine. Mpeleke siku hiyo hiyo unayokwenda wewe, apimwe presha, na muwasho wake utafutiwe dawa yake mwenyewe.

Waambie wakuandikie namba za presha kwenye karatasi, jicho la kulia na la kushoto, zako na za mtoto, afu niandikie.